Mdomo wa Picha

Ilikuwapo nchi ya Hondohondo, na ingalipo, usiulize sana iko wapi. Huko mke akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, na mume huliziba kwa udongo, akiacha ufa mwembamba wa kupitishia chakula. Ulinzi, walisema. Watoto wakiota mbawa, udongo huvunjwa na mama hutoka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Mfalme wa sasa alipokalia tawi la juu, watoto walitolewa, tundu likazibwa upya na mama akabaki ndani. Heshima, wakasema sasa.

Malkia naye alizibwa. Mama yake, Mjane, alilia barazani hadi sauti ikamkauka. Wakamjibu, "Mbona sisi hatuoni shida?"

Basi waone. Mjane alichanganya udongo mwekundu na masizi, akachora juu ya ukuta ule uliomziba mwanawe yote aliyoyaona alipochungulia ufani: mgongo uliopinda, mbawa zilizonyonyoka, macho yaliyosahau jua. Mdomo hakuuchora. Aliuacha ufa wenyewe uwe mdomo.

Baraza likaja kutazama.

"Nani huyu?" Mfalme akauliza.

"Mkeo, mkwe wangu."

"Mke wangu ana mbawa."

"Alikuwa nazo."

Kasuku, mpiga mbiu, akaangua kicheko. "Mama wee! Umemchora mwanao kama kuku aliyeponyoka jikoni!"

Bundi, mshauri mkuu, hakucheka. Alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Kazi nzuri. Rangi imekaa. Ila mdomo, Mtukufu. Uko wazi."

"Anaomba atolewe," Mjane akasema.

"Ndilo kosa lenyewe, mama. Malkia aachame mbele za watu?"

Hapo sauti nyembamba ikatoka katika mdomo wa picha: "Mama, wameelewa?"

Baraza zima lilisikia. Kasuku akapigapiga mbawa kwa furaha. "Jamani, hata inasema!"

Mfalme akatoa amri: picha iongezwe mbawa, macho yatiwe wanja, na mdomo ufungwe, kwa adabu.

"Hapo ndipo anapopokelea chakula!" Mjane akapiga ukelele.

"Picha haili, mama," Bundi akamwambia kwa upole.

Mbayuwayu, mafundi wa udongo, waliifanya kazi jua lingali juu. Mjane aliudonoa ukuta mpaka mdomo wake mwenyewe ukapasuka. Walinzi wakamwondoa kwa heshima zote, maana ni mama mkwe wa Mfalme. Wajumbe wa baraza lile wangali hai. Waulize leo: kila mmoja alikuwa amesimama nyuma kabisa, hakusikia vizuri.

Mjane huitwa kila wajapo wageni, asimamishwe kando ya ukuta, apongezwe. Wageni wa kwanza waliisifu picha: imechorwa kwa ufundi hata unaisikia ikigonga.

Waliofuata walisifu utulivu wake.