Bakuli la Maziwa Mlangoni

Tak, tak, tak. Kabla jogoo wa jirani hajawika, nilikuwa nikigonga kifuniko cha mkebe wangu wa ugoro kwa kidole, mara tatu, ugoro ushuke chini ndipo nifungue. Ni mazoea niliyoyaanza mwaka niliofiwa na mume wangu. Mlio wenyewe ni mdogo, lakini nyumba yangu ya hapa Ruring'u, Nyeri, ni ya mbao, na ukuta wa mbao hauzuii kitu. Msichana aliyekuwa amepanga chumba cha pili aliusikia na kuamka. Alisema tangu aje kwangu hajahitaji saa.

Jina lake Rowda, binti wa Abdirizak, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo kilicho karibu na kwangu, akisomea kilimo cha mboga na maua. Kila akisikia mkebe, alinawa, akasali sala yao, kisha akaja jikoni kuniwashia moto kabla ya kwenda zake. Sikumwomba. Goti langu lilipovimba mwezi wa Aprili, alinichotea maji siku kumi na moja, na hakuna siku aliyoniuliza litapona lini.

Alikokwenda mapema hivyo ni kwenye grinihausi ya chuo, ile nyumba ndefu ya plastiki ambamo wanafunzi hujifunzia. Kundi lake lilikuwa na nyanya mistari minane. Walikuwa watatu: yeye, Murugi wa Naro Moru, na kijana mmoja mcheshi aitwaye Moffat. Ufunguo aliushika Rowda, kwa sababu wenzake walikubaliana kwamba yeye peke yake ndiye asiyelala.

Babake hakutaka masomo hayo. Jioni moja tukichambua maharagwe, Rowda aliniambia yote. Mzee Abdirizak alikuwa amezoea mali inayotembea kwa miguu yake. Mali inayosimama mahali pamoja ikingoja maji hakuielewa. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alimwambia bintiye kwamba mwezi wa Julai, siku ya wageni, atakuja aione kazi kwa macho yake. Akiiona, atamwacha amalize. Asipoiona, atarudi naye Nanyuki akasaidie dukani, pale wanapouza chumvi na dawa za mifugo.

Basi nyanya zile nilizipenda kabla sijaziona.

Jumamosi moja ya Juni, Murugi alikuwa amekwenda kwao mazishini, na Moffat hakutokea. Vichipukizi vya kando vilikuwa vimezidi, na visipovunjwa mapema mmea hula nguvu zake wenyewe. Nilimwona Rowda akinywa chai amesimama. Nikamwambia mimi nimelima nyanya kabla mamake hajazaliwa, anichukue. Alisita kidogo, akanitazama, kisha akanishika mkono.

Mlangoni palikuwa na karai la dawa ya kukanyaga, ndoo ya maji, sabuni, na bakuli la maziwa. Mwalimu wao, Mwalimu Munene, alikuwa ameweka sheria kwamba hakuna kugusa mmea kabla ya kutia mikono katika maziwa. Habari za bakuli hilo nilikuwa nimezisikia jikoni kwangu. Moffat alipenda kusema kwamba ng'ombe wa Nyeri wakijua watagoma. Rowda alinieleza tu kwamba maziwa yanazuia ugonjwa, akatia mikono yake katika bakuli dogo la pembeni, akaniachia hilo, akatangulia ndani kufungua kamba zilizojisokota.

Nikabaki na bakuli. Maziwa yalikuwa yamechemshwa na kupoa, juu yametanda utando mzuri wa malai. Nimelea watoto sita wakati kikombe kimoja kilipita midomo mitatu. Mama yangu alitufundisha kwamba tone likimwagika, uliinamie na kulisikitikia. Mikono yangu ilikataa. Niliiosha kwa maji, nikaipangusa kwa aproni.

Rowda, aliyeniita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu, akauliza kutoka ndani, "Cucu, umeweka mikono kwa maziwa?"

Nikasema, "Nimeweka."

Neno moja tu. Nililitoa kama mtu anavyomjibu mtoto ili asisumbuke.

Tulifanya kazi hadi saa sita. Mistari miwili ilikuwa yangu. Mara moja nilitoka nje nikavuta ugoro kidogo, nikarudi, na Rowda akacheka kwamba hata nyanya zimepiga chafya. Nilimsimulia jinsi mume wangu alivyonichumbia akiwa amebeba kabichi. Ile ilikuwa asubuhi nzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ilikuwa nzuri.

Baada ya wiki mbili, majani ya mistari ile miwili yalianza kuwa na mabaka ya manjano. Machanga yalitoka membamba kama nyuzi. Wanafunzi walikuwa wakipita kila siku wakipogoa kutoka mstari hadi mstari, na kufikia katikati ya Julai mistari yote minane ilikuwa imeshikwa. Mwalimu Munene aliinama, akageuza jani moja, akasimama. Zilibaki siku nne wageni waje. Aliamuru zing'olewe zote na kuchomwa.

Moffat ndiye aliyeniletea habari hizo, ameketi jikoni kwangu na masizi kwenye nyusi. Alisema ule ni ugonjwa wa tumbaku. Unakaa katika jani lililokaushwa, unasafiri kwa vidole. Mwalimu aliuliza nani ameingia na tumbaku mikononi, na macho yote yakamgeukia yeye, kwa sababu wanajua anavuta sigara kwa siri.

"Hapo nilikuwa nimeisha, Cucu," akasema. "Lakini Rowda akasema sio mimi. Akasema ni zamu yake, makosa ni yake. Mpaka sasa sijui anamficha nani."

Chai yangu ilipoa mkononi. Alipoondoka, niliumwaga ugoro wote jivuni.

Siku ya wageni nilikwenda na thamosi ya chai. Mzee Abdirizak alikuwa amevaa koti jeusi, kama mtu aendaye harusini. Alisimama mlangoni pa grinihausi akatazama mistari minane ya udongo mtupu na kamba zinazoning'inia. Rowda alikuwa kando yake. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwa mzee. Nilihitaji sentensi moja, na nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Pole, Baba Rowda. Karibu chai."

Alikunywa, akashukuru kwa adabu. Jioni hiyo Rowda alifunga sanduku lake. Alikifagia chumba, na baada ya wao kuondoka niligundua kwamba alikuwa amenipasulia kuni za mwezi mzima.

Nilinyamaza miezi mitatu. Asubuhi mkono ulikuwa bado unautafuta mkebe. Nilikuwa nikiugonga mtupu, mara tatu, na upande wa pili hakuna aliyeamka.

Mwezi wa Oktoba nilivaa sweta yangu ya kanisani nikaenda Nanyuki. Dukani, Mzee Abdirizak alinitambua, akainuka akanipa kiti chake, yeye akaketi juu ya gunia la chumvi. Aliagiza chai ya maziwa yenye hiliki. Nikamweleza yote, bakuli, na utando, na lile neno langu. Alikuwa na kamba ya mbuzi mikononi, akiifunga fundo na kulifungua.

Mwishowe akasema, "Mama, hata kwetu hatuoshi mkono na maziwa. Hiyo naelewa." Akalifungua fundo tena. "Lakini ungeniambia siku ile. Siku ile nilikuwa nimekuja kusikia."

Nikamuuliza kama sasa ni kuchelewa. Akasema wenzake wako mbele, na ile nafasi ya Rowda ameshapewa mwingine. Mwaka ujao, Mungu akipenda, watatazama. Hakuahidi, na mimi sikuwa na haki ya kumsukuma. Akamwita bintiye.

Rowda alikuja akipangusa vumbi la chumvi mikononi. Alikuwa amekonda kidogo. Nilianza kumweleza, akanizuia kwa upole.

"Nilijua, Cucu. Nilienda kumwaga yale maziwa, nikapata utando bado uko juu. Haujaguswa."

"Basi mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umesema umeweka." Aliinamisha kichwa. "Ningeng'oa tu ile mistari yako miwili, ingetosha. Sita ingebaki. Kila asubuhi nilikuwa naenda nikitaka kung'oa. Halafu nafikiria utakuja kuona, uulize ni kwa nini yako tu. Nikaona haya."

Mimi nilisema uongo ili asisumbuke, naye akauacha ukae ili nisiaibike, na nyanya zikaungua katikati yetu. Nilimshika mikono. Ilikuwa mikavu kwa chumvi, imepasuka kwenye vifundo.

Alinisindikiza hadi stendi akinishika kiwiko upande wa goti bovu, ingawa sikuwa nimemwambia kwamba bado linauma. Njiani alinionyesha mkebe wa rangi uliokatwa, nyuma ya zizi lao, wenye mche mmoja wa nyanya. Mbuzi walikuwa wamekula nusu. Alisema huo ni wa pili. Wa kwanza waliumaliza wote.

Nilipokwisha kuketi ndani ya gari, alisimama nje ya dirisha langu, akaweka kiganja kwenye kioo hadi nikakifungua.

"Cucu, utakuja tena? Ukuje ulale, na ukuje na ule mkebe wako. Huku hakuna kitu ya kuniamsha."