Injinia wa Ukweni

Muuza mapazia alikwenda ukweni kumfuata mkewe, akakabidhiwa laptopu.

Hakuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kupima madirisha ya watu, kuwakatia kitambaa na kuwaapia kwamba hakipauki. Lakini ukweni walimwita Injinia tangu enzi za uchumba. Siku moja rimoti ya televisheni iligoma, nyumba nzima ikakaa kama kuna matanga, naye akafungua mgongo wa ile rimoti, akageuza betri moja iliyowekwa kinyume. Televisheni ikawaka, vigelegele vikapigwa. Mtu mwenye haya angesema ni betri tu. Yeye alisema, "Ilikuwa saketi."

Tangu hapo hakuna kilichomshinda kwa mdomo. Umwulize habari ya injini, anajua. Dawa ya mchwa, anajua. Mtungi mpya wa gesi ulipoletwa nyumbani kwake hakutaka kumsubiri fundi. Akafunga valvu mwenyewe, akaupigapiga mtungi mgongoni kama ng'ombe wa maziwa. Mkewe akamwuliza, "Niwashe?" Akajibu, "Washa." Alfajiri yake mwanamke akaamshwa na harufu. Mtoto alikuwa amelala chumba kinachopakana na jiko. Akamtoa nje mbiombio, akafungua madirisha yote, na kulipokucha akaanza kufungasha.

"Valvu ilitoka dukani ikiwa mbovu," mume akamwambia pale mlangoni.

Kusikia hivyo, mwanamke akarudi ndani kuchukua na nguo za baridi.

Sasa siku zilikuwa zimepita, nyumba ilikuwa kimya mpaka inaudhi, na mume mtu akaja ukweni na shati lililonyooshwa na maneno aliyoyakariri njia nzima. Sebuleni akamkuta mama mkwe, shangazi wa mkewe, na jirani aliyekuja kuazima chujio akasahau kurudi kwake. Mkwe anapokuja kumwomba mke arudi, nani ataondoka?

"Maneno yapo, mwanangu," mama mkwe akasema, "lakini shemeji yako hapa hana raha. Kompyuta yake imeganda, na kesho asubuhi ana intavyuu ya kazi, ile ya kuonana kwenye kioo. Itazame kwanza. Ukimaliza, tutaongea."

"Hiyo kazi ya kikombe kimoja cha chai, mama."

Betri ya mashine ilikuwa imekufa, haiwaki bila kuchomekwa ukutani, na soketi ilikuwa nyuma ya kochi. Wakamwekea kigoda katikati ya kochi na kabati. Akajipenyeza, magoti yakamfika kidevuni. Kisha shangazi, mwanamke wa kulijaza kochi, akakaa ile ncha ya kutokea. Mlango ukafungwa hivyo.

"Shemeji, vitu vyangu nimeshavihamishia kwenye flashi," mdogo wa mkewe akamwambia. "Ukitaka kufuta, futa."

Akabonyeza hapa na pale mpaka mashine ikamletea orodha. Palikuwa na *Futa diski*, na chini yake *Sakinisha mfumo upya*. Mwenye akili angehakikisha kwanza hilo la pili linawezekana. Yeye akagusa la kwanza. Mashine ikamwuliza: *Una uhakika?* Hilo swali, tangu azaliwe, hajawahi kulijibu kwa namna mbili. Akabonyeza ndiyo.

Diski ikafutika, safi kama sahani iliyolambwa. Akagusa *Sakinisha*. Mstari ukajitokeza, ukasogea unywele mmoja, ukasimama. *Imeshindwa kuwasiliana na seva.* Akarudia. Imeshindwa. Akazima, akawasha, akarudia. Imeshindwa.

"Mtandao huo," akasema.

"Mbona simu yangu iko kwenye mtandao huohuo na inacheza video?"

"Huu ni mtandao wa aina nyingine."

Kisanduku cha mtandao kikazimwa, kikawashwa. Ukaazimwa mtandao wa jirani, jirani akajitutumua kama aliyetoa ng'ombe. Imeshindwa. Akalaumu chaja, akaifuta meno kwa pindo la shati. Akalaumu soketi.

"Ipulizie," shangazi akashauri.

"Ya mume wa dada yangu ilikuwa hivihivi," jirani akasema. "Hawakuiona tena ikiwaka. Mpaka leo wanawekea sufuria."

"Jirani, chujio umeshapata?"

"Nimepata, mama. Nakaribia kuondoka."

Mkewe akapita na sinia. Akaweka chai juu ya kabati bila kumtazama mume, ila kioo akakitazama.

"Inasema nini?" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ya mtungi.

"Inasema inakuja."

"Naona imeandikwa imeshindwa."

"Imeshindwa kwa maana ya kwamba inajaribu."

Mwanamke akachukua sinia lake akaenda.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya yalikuwa yamemfika shingoni na hata nafasi ya kupiga mbizi hana. Kumaliza haiwezekani. Kuacha haiwezekani pia, maana mama mkwe ameshasema, ukimaliza tutaongea. Hata kwenda msalani ilitaka shangazi ainuliwe, na shangazi alikuwa amevua viatu. Miguu ikafa ganzi. Akainua macho dirishani akaona pazia la watu wale limetundikwa ovyo, kulabu zimerukwa, upande mmoja unaburura sakafuni. Angelinyoosha kabla chai haijapoa. Hakuna aliyemwuliza habari ya pazia.

Akabonyeza tena. Imeshindwa.

Ndipo shemeji yake akaja akachuchumaa mbele ya kabati, akamsemesha kwa sauti ya chini. "Shemeji, niambie kweli. Kuna rafiki yangu anaweza kuniazima ya kwake, lakini anasafiri jioni hii. Nikaichukue, au nikusubiri wewe?"

Neno "nisubiri" lilikuwa limeshamfika ulimini, limevaa na viatu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, anamtazama kama alivyomtazama usiku ule wa mtungi, akiwa na kiberiti mkononi.

"Kaazime," akasema. "Mimi hii kitu siijui. Nimefuta nisichokijua."

Kisha shangazi akaangua kicheko mpaka kochi likalia. "Injinia anatutania jamani!"

"Sitanii, shangazi. Mimi nauza mapazia."

Wakazidi kucheka. Jirani akafuta machozi kwa chujio la watu. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyopigana mabega. "Mwoneni, na uso mkavu hivyo!" Zile sifa zote alizokula miaka hiyo zikawa kama shati lililobana, halivuliki.

Mkewe hakucheka. "Na valvu?" akauliza.

Kicheko kikakatika. Mume akatazama magoti yake.

"Haikuwa mbovu. Sikujua inavyoingia. Nilikaza kwa kukisia."

"Nilikuuliza niwashe, ukaniambia washa."

"Nilikwambia."

"Haya," mama mkwe akasema taratibu, "kumbe maneno yameshaanza. Shangazi, inuka mtu apite."

Shemeji akakimbilia kwa rafiki yake. Mkewe akampa mama yake mtoto, akavaa viatu. "Leo sirudi, usijipe moyo," akamwambia mumewe. "Ila kuna fundi nyuma ya kituo cha mafuta. Beba hiyo mashine, twende."

Fundi alikuwa mtu wa miwani na meza iliyojaa skrubu. Akauliza kama anavyowauliza wote, "Nani ameigusa kabla yangu?"

"Mimi."

Fundi akainua kichwa. Wateja wake huapa kwamba mashine iliharibika yenyewe, imelala. "Ulifanya nini?"

Akaeleza kuanzia mwanzo, pamoja na kuipulizia. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza. Fundi akaichomeka, akafungua kidirisha kidogo, akasonya. "Saa yake imerudi nyuma miaka na miaka. Seva ikiona tarehe hiyo inadhani inadanganywa, inafunga mlango. Ungejaribu mpaka uote mvi." Akaandika tarehe ya siku ile, akagusa *Sakinisha*. Mstari ukasogea, safari hii haukusimama. "Itachukua muda. Mnaweza kwenda."

"Tutasubiri," mkewe akasema, akavuta benchi. Mume akakaa upande wa pili.

"Ule mtungi uko wapi?"

"Uani. Sijaugusa."

"Kesho mwite fundi wa gesi. Nitakuja kumwona akifunga, kwa macho yangu."

"Utakuja na mtoto?"

"Mtoto atabaki kwa bibi yake kwanza."

Alitaka kumwambia hakuna hatari tena, kwamba gesi inayofungwa na fundi haina wasiwasi, jinsi yeye anavyozijua zile valvu za siku hizi. Akautazama ule mstari unavyotambaa, akanyamaza.