Mistari ya Piko

Bi Mwanapili alikuwa anaoga nusu. Kiunoni kwenda chini maji, kiunoni kwenda juu kitambaa kibichi, na ubavu wa kushoto usiguswe kabisa. Kapiga magoti chooni, mkono kaunyanyua kama anayesimamisha gari, na bintiye Basma yuko nyuma na kata, anamwaga kidogo kidogo.

"Ukinirushia hapo nakutoa roho."

"Mama, mie nnamwaga mgongoni! Jasho lako mwenyewe ndo linalofuta."

Kweli. Joto la Mpendae, Unguja, halikuwa na huruma, na mistari aliyochorwa hospitali Dar ilishaanza kupauka. Mistari mirefu, na alama tatu za kujumlisha, moja katikati ya kifua, moja kila ubavu. Siku ya kwanza Basma alicheka mpaka akakaa chini. "Wamekutia misalaba huko bara! Mwalimu wa Kurani chuoni asikuone." Siku hizi hacheki.

Uvimbe ulikuwa mdogo, umewahiwa. Wakautoa, titi likabaki. Iliyobaki ni mionzi tu, wiki tatu mfululizo, usije ukarudi. Walimlaza, wakampiga picha, wakamchora, na yule dada wa mashine akamwambia huku anavua glavu, "Mama, hii isifutike. Ikifutika tunaanza upya." Foleni ndefu. Arudi baada ya Idi.

Angengojea hukohuko Dar. Lakini barua ya rufaa inalipa tiba, hailipi pa kulala. Alimfuata Bwana Ubwa, anayezitoa hizo barua, ofisini kwake Unguja.

"Sasa mie nkalale wapi?"

"Jamaa huna, Bi Mwanapili? Mtu wa Unguja gani hana jamaa Dar?"

"Mie."

Ubwa akacheka, akaona anacheka peke yake. "Tatizo lenu mnataka kubakishiwa. Wenzako wanakatwa titi zima, mionzi hawana haja nayo. Saa hizi wako majumbani kwao wanapika." Alisema kwa upole kabisa, kijiti cha meno mdomoni.

Basi akarudi kwenye kazi yake. Bi Mwanapili ni mpambaji wa hina, barazani nyuma ya duka la vitambaa Mlandege, na riziki yake ya mwaka iko kwenye kumi la mwisho la Ramadhani. Pesa ya chumba cha Dar itoke hapo. Wanawake wakapanga mstari na mikono yao: huyu hina nyekundu, yule piko nyeusi, mwengine anataka maua mpaka kiwikoni na bei ya kidole kimoja. Kutwa kainama, dera limemganda mgongoni. Akihisi tone linateremka kwapani, anabana mkono. Kubana nako kunafuta.

Asubuhi ya Idi mosi, mlango umefungwa, Basma akamwangalia.

"Mama, imekwenda."

"Yote?"

"Ya ubavuni iko kama uzi. Kesho haipo."

Ikifutika tunaanza upya. Foleni upya, chumba upya, na kumi la mwisho jengine ni mwakani. Bi Mwanapili akakaa kitandani mbele ya kioo.

"Lete piko."

"Mama!"

"Lete, nakwambia. Nshachora maharusi mji mzima, nshindwe kujichora mwenyewe?"

Akachovya kijiti cha ukuti, akaufuata ule uzi taratibu, pumzi kaizuia. Mistari ikatoka myeusi, mizuri, imenyooka. Basma akasogea mpaka pua ikataka kugusa. "Wallahi bora kuliko yao! Tia na kiua pembeni, wajue wamekutana na fundi." Wakacheka wote wawili, kicheko kile cha zamani, mpaka jirani akagonga ukuta kuwapa mkono wa Idi.

Dar, kwenye kitanda cha mashine, hakuna aliyecheka. Taa nyembamba nyekundu ilishuka kifuani, ikaangukia pembeni ya mstari, upana wa kidole. Na kila piko ilipopita, ngozi imevimba, imetoka malengelenge.

"Mama, nani amekuchora?"

"Nyinyi."

"Mama."

"Mlichora nyinyi. Mie nlifuatisha tu."

"Umefuatisha ukiwa umekaa. Titi la mtu aliyekaa siyo la mtu aliyelala, linahama. Halafu ona ngozi ilivyoungua na dawa ya hiyo piko. Siwezi kupiga mionzi juu ya vidonda."

"Uliniambia isifutike."

Yule dada akamsaidia kushuka. Kisha akaita jina la mgonjwa mwengine.

Ngozi ipone kwanza, halafu picha mpya. Na picha, barua imelipa moja tu. Nje kwenye benchi, Basma akampigia Ubwa, simu akaweka spika.

"Hapo sina la kufanya, mwanangu," Ubwa alisema. Nyuma yake vikombe vinagongana, watu wanazungumza mpira. "Lakini mwambie mama azungumze na daktari, wamkate lote, amalize. Hilo barua inalipa."

Basma akakata simu. Mama yake alikuwa anauangalia mlango mzito wa chumba cha mashine, na taa yake juu.

Mchana yule dada akatoka na chupa ya maji. Akasimama mbele ya benchi, akauinua mkono wa Basma wenye hina ya Idi, akaugeuza.

"Mama, haya maua umechora wewe? Jumamosi nasimamia harusi. Nipambe basi."

Bi Mwanapili akamwangalia. Kisha akafungua mkoba. "Piko au hina?"

"Hina tu. Hiyo nyeusi naiogopa."

Akataja bei.

"Eeh mama, punguza kidogo, sisi si wenyeji wako?"

Akapunguza. Akaulaza mkono wa yule dada pajani kwake, akaanza ua kwenye kifundo, majani yakapanda kidole kwa kidole. Mkono wake wa kushoto ulikaa mbali na mwili, kwapa limeachwa wazi, kwa ajili ya malengelenge.

"Nikae nayo muda gani?"

"Isiguse maji. Wala usiibane."

Yule dada akasimama, mkono kaunyanyua juu, akausukuma ule mlango kwa bega asiharibu. Ukajifunga. Taa nyekundu ikawaka.

Wauguzi wawili walishakaa kwenye benchi, wamekunja mikono ya sare zao.

"Punguza na kwetu, mama," mmoja akasema, akaunyoosha mkono.