Kumwachisha Ganza

Ganza, mtoto wa dada yangu Uwera, alikuwa na meno ya kutosha kutafuna dagaa wa sambaza pamoja na vichwa vyao. Alikuwa anavaa viatu mwenyewe, ingawa kila kimoja kwenye mguu usio wake. Alikuwa amekwisha kumpiga mtoto wa jirani kwa kiatu kimojawapo. Na bado alikuwa ananyonya.

Tena hakuwa mnyonyaji wa kubembeleza. Alitoka uani kwenye shughuli zake, magoti meusi kwa vumbi la mawe ya volkano, akamshika mama yake kidole na kumwambia, "Kaa." Uwera akakaa. Sufuria ingeungua, mgeni angekuwa mlangoni, yeye alikaa. Ganza alinyonya akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, jicho moja nje akilinda tairi lake lisichukuliwe. Akimaliza alipangusa mdomo kwa gauni la mama yake, akarudi kazini.

"Bosi ameshakunywa chai," shemeji yangu Gentil alikuwa akisema.

Mimi naishi nao, chumba cha nyuma, kwa hiyo sikusimuliwa haya.

Alhamisi moja Uwera aliingia akiruka kama msichana wa shule. Alikuwa amepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kando ya ziwa, kazi aliyoitafuta tangu kabla ya kuolewa. Ataanza Jumatatu, na walikuwa wamempa blauzi mbili nyeupe. Alizipitisha mbele yetu tuzione, akatuonya tusiziguse. Kisha akahisi kidole chake kimeshikwa.

"Kaa," alisema Ganza.

Akakaa, blauzi zikiwa begani, na hapo hapo alipokaa, mtoto akinyonya, akatutangazia kwamba Ganza ataacha kunyonya kabla ya Jumatatu. Mama mkwe wake alikuwa tayari kuhamia kwetu kumlea mtoto mchana, maana mimi na Gentil tunashinda kazini, lakini alikuwa ameweka sharti lake wazi kabisa: yeye hana maziwa. Mtoto asipoacha, kazi hakuna.

Mimi na Gentil hatukucheka. Tulijitahidi sana.

Jioni ile Gentil alisema atamlaza mtoto mwenyewe. Wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Tulisikia nyimbo mbili, halafu Gentil akiiga lori linalopanda mlima, halafu kimya. Uwera akaanza kutabasamu. Mlango ukafunguliwa, Ganza akatoka peke yake, akaja hadi sebuleni, akasimama mbele yetu.

"Baba hana," alisema.

Aliyasema kwa huruma kubwa, kama mtu aliyeleta habari za msiba. Nyuma yake alitokea Gentil, vifungo vyote vya shati vikiwa wazi.

"Amenikagua," alisema. "Pande zote mbili."

Ijumaa, siku niliyokuwa na ruhusa kazini, ikabidi aitwe mama mkwe mapema. Mukabera anaishi Mahoko, karibu na soko, lakini Kiswahili chake ni cha Goma, alikokulia na kuzaa watoto saba kabla ya familia kurudi Rwanda. Alifika kabla ya saa sita akiwa na mfuko wa majani ya umuravumba, yale machungu ambayo mabibi wa huku hutibia kikohozi. Ganza alimpokea kwa kelele, "Koko! Koko!", ndivyo anavyomwita bibi yake, akamvuta hadi kwenye kiti, kisha akakumbuka kiu yake, akaenda kumshika mama yake kidole. Mukabera alimtazama mkwe wake akikaa.

"Eh, Mama Ganza! Mutoto mukubwa hivi? Huyu iko karibu kuoa!"

"Ndiyo maana nimekuita, Mama."

"Bon. Leo inaisha."

Aliyaponda majani kwenye kinu, akakamua maji ya kijani, akampaka Uwera hadi Uwera mwenyewe akapiga chafya. Nilionja kwa ncha ya kidole. Ulimi wangu haukunisamehe mpaka kesho yake.

Ganza aliporudi kutoka uani, sote tulijifanya tuna kazi. Mimi nilikuwa nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Akasema, "Kaa." Mama yake akakaa. Akavuta mara moja tu. Uso ukajikunja, macho yakajaa maji, akatema sakafuni, akamtazama mama yake kwa muda mrefu bila kulia. Kisha akatoka.

"Njo vile," alinong'ona Mukabera, yaani ndiyo hivyo. "Wote saba niliwaachisha hivi. Hata baba yake, na huyu alikuwa mubaya kuliko wote."

Gentil, aliyekuwa amerudi kula, alikohoa. Uwera alikuwa amejishika kifua, na sikupenda namna uso wake ulivyokuwa. Kabla hajasema neno, Ganza alirudi. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza, amekichovya kwenye ndoo, kinachuruzika njia nzima. Alikuja moja kwa moja, akamsugua mama yake kama mtu anayeosha nyanya za sokoni, kulia na kushoto, akakagua, akasugua tena. Aliporidhika alikitupa kitambaa chini, akanyonya.

Gentil ilibidi atoke nje. Mimi nilimwaga mchele.

Mukabera peke yake hakucheka. Alimwangalia Uwera, ambaye alikuwa ameinama, pua imezama kwenye nywele za mtoto, akitabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Minakuona," alisema. "Hapana mutoto njo mwenye shida, ni we. Anakuita, we unakaa. Ata angekuita usiku katikati ya mvua, ungekaa. Nipatie nguo zake. Namupeleka Mahoko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu asubui. Jumapili sileti. Nikimuleta Jumapili, utakaa."

Uwera alifungasha nguo za kumtosha mtoto kwenda kusoma Ulaya. Ganza alipanda mgongoni kwa bibi yake, akafungwa kitenge, akaondoka bila kugeuka, kwa sababu alikuwa ameahidiwa kuonyeshwa mbuzi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa ya mtoto.

Jumamosi kifua cha Uwera kilikuwa kigumu kama jiwe. Jirani alimshauri majani ya kabichi yaliyopoa, ayavae ndani ya sidiria, na Gentil akatumwa sokoni. Akarudi na kabichi mbili kubwa kama vichwa vya ndama. Uwera alivaa majani ya nje, sisi tukala yaliyobaki, mchana na jioni, na Gentil akawa anauliza kwa adabu kama mboga ya kesho imeshavaliwa au bado.

Simu nayo haikupumzika.

"Mama, amekula?"

"Amekula."

"Amelia?"

"Mbuzi njo alilia. Alimuvuta mukia."

"Ameniulizia?"

Upande wa pili tukasikia kicheko cha Ganza, kikubwa, cha tumbo, cha mtu asiyedaiwa na yeyote.

"Atakuulizia," alisema Mukabera. "Weka simu chini, Mama Ganza."

Aliiweka. Alikaa akiitazama. "Miaka miwili na nusu," aliniambia. "Siku mbili tu, na hata jina langu hataji."

"Si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka aache kunyonya. Sikutaka aache na mimi."

Jumapili, tulipotoka kanisani, alisema anakwenda kununua vocha. Alikawia. Nilimkuta barabarani kwenye pikipiki za kwenda Mahoko, mguu mmoja umeshapanda, anabishana nauli.

"Shuka," nilimwambia.

"Nilikuwa nauliza bei tu."

"Na kofia ya dereva umeivaa ya nini?"

Akaivua. Njia nzima ya kurudi alinieleza kwamba hoteli zipo nyingi, kwamba angeweza kuwaomba wiki moja zaidi, kwamba blauzi zenyewe zinambana. Nilimshika mkono tu, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto karibu na soko.

Jumatatu kulikuwa kumepambazuka tu Mukabera aliposhuka mlangoni, Ganza mgongoni, chupa kubwa ya uji mkononi. Uwera alikuwa amevaa blauzi nyeupe, amepaka na rangi ya mdomo. Alichuchumaa, akafungua mikono. Ganza akamkumbatia vizuri, kwa sauti, akamsimulia habari za mbuzi kuanzia pembe hadi mkia. Kisha akageuka.

"Koko, uji."

Hakumshika mtu kidole. Alikaa mwenyewe kwenye mkeka na kikombe chake cha plastiki, akanywa.

Uwera alichukua mkoba, akaaga, akatoka. Akarudi kuchukua simu. Akatoka. Akarudi kuchukua mwavuli, na angani hapakuwa na wingu. Pikipiki ilikuwa inamngoja nje, dereva akapiga honi.

"Haya, mama anakwenda," alisema kwa mara ya tatu. "Ganza? Hata machozi kidogo?"

Ganza alimtazama. Ni wazi aliona mama yake anahitaji kitu. Akainuka, akamletea kikombe, akakiinua kwa mikono miwili hadi midomoni mwake, akakishikilia kwa chini.

"Kunywa, mama. Maliza."

Uwera akanywa. Na nikaona macho yake yakibadilika.

Katika nyumba hii sukari hufungiwa kabatini, katikati ya mashuka, ili kulinda meno ya Ganza. Gentil hupewa kijiko kimoja, na hukipokea akiwa amesimama. Uji ule ulikuwa mzito kwa sukari kiasi kwamba ulimwachia Uwera mstari unaong'aa juu ya mdomo.

"Mama," alisema taratibu, "umetia nini kwenye uji huu?"

Mukabera alikuwa anakunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Mapendo," alisema. "Na maji kidogo."

Gentil alianza kukagua dari. Honi ikalia tena. Sote tulijua: neno moja tu, na Mukabera angebeba chupa yake akarudi Mahoko, na mtoto angebaki na nani? Uwera alimtazama mama mkwe wake. Akaitazama blauzi yake, nyeupe, kavu. Akameza.

"Ni mzuri," alisema. "Asante, Mama."

Aliponipita mlangoni alinibana mkono. "Ineza, mpige mswaki," aliniambia kwa meno yaliyoumana. "Mara mbili. Na yule mzee pia."

Nikamfuta mdomo kwa kiganja, naye akapanda pikipiki, mgongo umenyooka kama mtu mwenye hoteli yake.

Niliporudi ndani, Ganza alikuwa amemnyooshea bibi yake kikombe kitupu.

"Koko," alisema, "ongeza mapendo."