Picha Iliporudi

Hoteli ile ilikuwa ndani ya mnara wa televisheni, juu kabisa ya mlima, kwa hiyo wageni walidhani wanalipia mandhari. Siku nyingi walilipia ukungu. Chini palikuwa na mapokezi na jiko, katikati vyumba, juu yake mitambo, na juu ya mitambo mlingoti wenyewe, ambao fundi mmoja tu aliupanda kwa raha zake. Walimwita Kima, naye akaitika. Mkewe, mtandika vitanda wa hoteli hiyohiyo, hakumwita Kima hata siku moja. Alimwita Baba Watoto, na wiki hiyo hakumwita chochote.

Alikuwa amemnunia. Kima aliahidi kuacha kupanda, ahamie kazi ya chini, kisha akasaini mkataba mpya bila kumshauri mtu. Wanasema mwenye kelele hana neno. Mama huyu neno alikuwa nalo, na kelele hakupiga. Chai aliiweka mezani akaondoka, shati alilipiga pasi akalitundika, mdomo akautia kufuli. Mume alijaribu utani, akajaribu kuomba radhi, mwishowe akawa anakunywa chai yake akitazama ukuta.

"Mama Watoto, hata nitukane basi," alimwambia asubuhi ile, akifunga mkanda wake wa kupandia.

Hakumtukana. Alikung'uta mto.

Sasa, pale mnarani kulikuwa na sheria moja isiyochezewa: mtu akiwa mlingotini, mitambo inazimwa, maana nguvu ile inayopeleka picha mijini inaweza kumuunguza. Kwa hiyo Kima akipanda, runinga zote vyumbani hujaa chenga na wageni hulalamika. Mkewe alikuwa na mazoea yake. Kila chumba alichosafisha aliwasha runinga, akatandika huku chenga zikivuma, sikio moja huko. Picha ikirudi ndipo alishusha pumzi, maana mume ameshuka. Hakumwambia mtu, hata mume mwenyewe.

Siku hiyo chenga zilikaa sana. Upepo ulitikisa vioo, na mvua nyepesi ikaanza. Alitandika shuka, akalitandua, akalitandika tena. Hasira zikamtoka kidogo kidogo, ikaingia hofu, na nyuma ya hofu aibu. Mtu anayeomba atukanwe ni mtu wa kununiwa kweli? Akajiapia kwamba akishuka tu, atamwambia yamekwisha.

Picha ikarudi. Mwanamke fulani alikuwa anafundisha kukaanga mayai, yai likamponyoka likapasuka sakafuni, na mtandika vitanda akacheka mpaka akashika mbavu. Aliacha mto bila foronya. Alipanda ngazi kwenda chumba cha mitambo, akipanga maneno njiani: kwanza atamtukana kidogo, kwa kuwa aliomba, halafu atamwambia apande milingoti yote ya dunia, mradi arudi mezani.

Mkuu wa zamu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa rafiki wa mumewe, bingwa wa porojo, na leo hakuwa na hata moja.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai. Mwambie huyo Kima wenu atoke, nina maneno naye."

"Kaa, shemeji."

"Si ameshuka? Picha imerudi, nimeiona kwa macho yangu. Hairudi mtu akiwa juu. Si ndiyo sheria yenu?"

"Ndiyo sheria," alisema. "Juu hakukuwa na mtu tena, shemeji. Ngazi ililowa, ameteleza. Tumemuokota chini ya mlingoti, ndipo makao makuu wakaagiza tuwashe."

Basi wakati anacheka yai la watu, mumewe alikuwa keshakufa. Hilo lilimwingia moyoni kabla ya kifo chenyewe, na halikutoka.

Walikuwa wamemlaza kwenye kochi la mafundi, wamemfunika shuka la hoteli. Alilifunua usoni, akapiga magoti, akamwaga yote aliyoyabana wiki nzima. Alimwambia mkataba ule si kitu. Alimwita Baba Watoto, akamwita tena. Akamtukana, kama alivyoomba, kisha akangoja.

"Nijibu basi," alimwambia. "Mimi nimeshasema."