Lori Lililosingiziwa Ugonjwa

Mtu akinunua lori lake mwenyewe baada ya kuendesha malori ya watu tangu ujana, ungetegemea atulie. Honi hakutulia. Madereva wenzake walimwita Honi kwa sababu hakuweza kupita penye watu watatu bila kuibonyeza, na siku alipolichukua lori lake kwa aliyemuuzia, mtaa mzima ulijua kabla hajakata kona. Kilikuwa kichwa cha lori kilichokwishatumika, rangi imepauka, lakini injini ilikuwa nzima, na mkewe alikuwa ameuza cherehani zake ili tairi ziwe mpya. Alilizunguka huku amefumbata mikono nyuma, kama mkaguzi. Mkewe alisimama mlangoni akimwangalia anavyoringa, akacheka mpaka machozi.

Tatizo la lori lako mwenyewe ni kwamba halina mzigo. Mwenye kiwanda hatampa shehena mtu mmoja mwenye lori moja. Anaipa kampuni yenye leseni, bima na matela, na kampuni ndiyo inayokuchukua wewe na lori lako mfanye kazi chini ya jina lake. Kwa hiyo mtu aliyeacha ajira ili asiwe na bosi, kazi yake ya kwanza ni kutafuta bosi. Honi mwenyewe alilicheka hilo, wakati bado anacheka.

Kampuni zilizokuwa tayari kumchukua zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Mama Mizigo, mjane mwenye yadi ya udongo na ofisi ya chumba kimoja, feni ikilalamika juu ya meza. Huyo hakuwa na habari na vyeti. Dereva mpya akija, alimuuliza swali moja tu: "Nani anakujua hapa?" Kama hakuna, safari njema. Kama yupo, aliyekudhamini ndiye anayekubeba: ukivuruga mambo, haitwi mwingine, anaitwa yeye. Na aliyemdhamini Honi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye lori la aina ileile, ambaye alikuwa amekaa na Mama Mizigo miaka mingi bila kuitwa hata mara moja.

"Huyu ni mimi," Shemeji alimwambia Mama Mizigo. "Akikwambia kitu, ni hicho hicho."

Mama Mizigo alimpa Honi mkono. "Basi mbolea ya Jumatatu ni yako. Kuna mtu anaililia, nitamwambia asubiri zamu nyingine."

"Nimekubali, Mama," Honi akasema. Alisema kwa sauti, Shemeji akiwa pale pale, akitabasamu kama mwenye harusi.

Kampuni ya pili madereva waliiita Wabluu, kwa rangi ya malori yake. Honi alikwenda huko Alhamisi, kuangalia tu, kama walivyosema wote waliokwenda kuangalia tu. Alikuta ukumbi wenye vigae, maji baridi ya bure, na kijana wa tai aliyemwonyesha kwenye kioo cha kompyuta malori yote yakitembea kama vidoa. Honi si mjinga, tusimwonee. Aliuliza maswali ya dereva. Lori likisimama kiwandani siku nzima linasubiri kupakia, hasara ya nani? Naweza kukataa safari? Nikishusha, narudi na kitu au narudi tupu?

Majibu hayakuwa mabaya. Kwa Mama Mizigo ungeweza kukataa safari, na malipo ulipata ukishashusha, lakini kuna wiki ungekaa kijiweni ukicheza bao. Kwa Wabluu hakuna kukataa, malipo ni mwisho wa mwezi, lakini kila wiki mzigo, na kurudi ni na mzigo. Kwa mtu mwenye watoto wawili shule na mke aliyebaki hana cherehani, kurudi na mzigo si jambo dogo. Mimi simlaumu kwa kuchagua Wabluu. Kampuni si mke, mtu anaruhusiwa kuangalia mbili. Ninachomlaumu ni kilichofuata.

Kilichotakiwa kilikuwa simu moja. Shemeji, nimebadili mawazo, mwambie Mama ampe yule mwingine mbolea yake. Alhamisi jioni aliishika simu akaiweka chini. Ijumaa lori likaingia yadi ya Wabluu, likabandikwa stika za bluu kwenye milango yote miwili, jina la kampuni na namba, kubwa kama sahani. Honi akapiga picha. Halafu akakumbuka simu ambayo hajapiga. Akajiambia atapiga kesho. Lakini aliona aibu, na kila saa iliyopita iliongeza aibu juu ya aibu, mpaka simu yenyewe akawa anaikwepa kuiangalia.

Jumamosi Shemeji akapiga mwenyewe. "Shemeji! Uko tayari kwa Jumatatu?"

Na mdomo wa Honi, bila kumuuliza mwenye nao, ukasema, "Shemeji, gari linaumwa."

Mtu mwingine angesingizia tumbo. Mwalimu angesema ana homa, mwenye duka angesema amefiwa. Honi ni dereva, akasingizia lori, tena akalisingizia kwa ustadi. Alisema ni pampu ya maji. Alieleza inavyovuja, inavyolia kama kuna changarawe ndani, mshale wa joto unavyopanda. Alipomaliza, yeye mwenyewe alikuwa karibu kuyaamini, na Shemeji upande wa pili alikuwa akisikiliza kwa makini, kama mtu anayeandikiwa dawa.

"Pole sana, shemeji," akasema. "Pole kweli. Nipe dada niongee naye."

Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Honi alimpa simu huku akimpungia mkono na kumnong'oneza: liko juu ya mawe, sema liko juu ya mawe. Mkewe alimtazama. Alikuwa ameliona lori asubuhi ile likirudi kutoka kununua dizeli.

"Ndiyo, kaka," akasema. "Liko juu ya mawe."

Alirudisha simu bila kuinua macho, akaendelea kukunja nguo.

"Usinifanyie tena hivyo," alisema. "Yule ni kaka yangu."

"Ni kwa leo tu."

"Basi leo umeshanifanyia."

Jumapili asubuhi Honi aliamua kuosha lori. Safari ya kwanza ya Wabluu ilikuwa kesho yake alfajiri. Aliwasha injini ili redio isimalize betri, akakunja suruali, akawa anasugua mlango na kuimba, povu likitiririka juu ya ile stika. Ndipo aliposikia mtu akisema nyuma yake, "Hodi hapa."

Shemeji alikuwa amesimama barabarani, jasho linamtoka, amebeba gunia begani. Pembeni yake alikuwepo Fundi, mzee mfupi mwenye mkoba wa spana, aliyetengeneza malori ya Mama Mizigo. Walikuwa wameshuka basi barabara kuu wakatembea.

Mkono wa Honi wenye sponji ulibaki juu ya mlango. Aliusogeza kidogo, taratibu, ufunike herufi, na ukafunika mbili.

"Tumekuletea pampu," alisema Fundi kwa furaha, maana yeye alikuwa bado hajaelewa kitu. "Jumapili maduka yamefungwa. Huyu shemeji yako kaniamsha na jogoo, tukaitoa kwenye gari lake mwenyewe. Zamu yake ya kupakia ilikuwa leo, kampa mtu. Anasema lake linaweza kukaa, la kwako halijapata hata safari ya kwanza." Akalitegea lori sikio. "Lakini mbona linanguruma vizuri?"

"Leo... leo afadhali," alisema Honi.

Fundi alikuwa ameshafungua kifuniko. Ukimleta fundi penye injini humwambii asiangalie. Aliingiza mkono, akapapasa, akachungulia kwa tochi, akautoa mkono mkavu na kuutazama.

"Hii pampu haijaguswa. Bolti zake hazijui hata spana." Akamgeukia Honi. "Jana ilivuja, leo imepona? Gari lako linasali sana, bwana."

Alicheka. Alicheka peke yake, kisha akafuata macho ya Shemeji mpaka mlangoni kwenye lile jina la bluu lenye povu, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akafunga kifuniko polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, akaenda kusimama kando.

Honi alizima injini. Angependa ardhi ipasuke immeze, yeye, sponji na ndoo.

"Umeenda kwa Wabluu," alisema Shemeji.

"Ndiyo, shemeji."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Ungeniambia."

"Niliona aibu."

"Na sasa huoni?"

Mke wa Honi alikuwa ametoka na kiti kwa ajili ya kaka yake, kama kawaida yake akisikia hodi. Alipoona gunia, na pampu yenye mafuta ikichungulia mdomoni mwake, alisimama na kile kiti mkononi, hakukiweka chini wala hakurudi nacho ndani.

"Wabluu si wabaya," alisema Shemeji. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Honi angeona bora apigiwe kelele. "Wana kazi nyingi. Ungesema, ningekwambia nenda. Mama ningemwambia siku ile ile, yule mwingine angepewa mbolea, yamekwisha. Mtu kubadili mawazo ni kosa gani?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Kwa siku tatu Honi alikuwa amekimbia kitu ambacho hakikuwa kinamfukuza.

Simu ya Shemeji ikalia. Aliitazama, kisha akamtazama Honi. "Ni Mama. Anataka kujua kama limepona au ampigie yule mwingine."

Hakupokea haraka. Aliishika mbele yake, ikilia, akiwa ameinyoosha kidogo kuelekea kwa Honi. Hakusema chukua. Lakini mkono ulikuwa pale, na kila mtu aliuona: mke, Fundi, na Honi mwenyewe. Kilichotakiwa ni hatua moja na sentensi moja. Honi alitazama tairi ya mbele, ile mpya, akaitazama kama ana shughuli nayo.

Shemeji akaiweka simu sikioni.

"Ndiyo, Mama. Tumefika." Mama akauliza kitu. "Bado. Tumelifungua, tumeona ni kubwa kuliko tulivyodhani. Mpe yule mwingine." Akasikiliza. "Ndiyo, Mama. Kwa macho yangu."

Fundi aligeuza uso akaanza kupanga spana zilizokuwa zimeshapangwa.

Shemeji aliirudisha simu mfukoni, akaukosa mfuko mara ya kwanza. "Anakupa pole," alimwambia Honi. "Anasema nafasi yako ataiweka mpaka lipone."

"Shemeji," alisema Honi, "kesho nitapita mbele ya yadi yake. Ataliona."

"Ataliona."

"Sasa itakuwaje?"

"Ataniita mimi. Si mimi niliyekudhamini?"

Mkewe alikiweka kile kiti chini. "Kaka," alisema, "mimi nilikudanganya kwenye simu. Niliambiwa niseme, nikasema." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na sasa na wewe umesema. Tumekuwa watatu."

"Usilie," kaka yake alisema. "Nenda ndani, jua kali."

Hakuenda. Shemeji alifunga mdomo wa gunia, akalipandisha begani. Ile pampu ilikuwa nzito, na kutoka pale mpaka barabara kuu ni mwendo, na kutoka barabara kuu mpaka yadini ni mwingine, na lori lake huko lilikuwa limeachwa wazi, halina pampu, limekosa zamu. Lori pekee lililokuwa gonjwa mjini siku ile lilikuwa la kwake.

Honi aliachia sponji. Hatimaye akawakimbilia na suruali yake iliyokunjwa, ufunguo mkononi. "Shemeji, ngojeni. Pandeni niwapeleke. Dakika kumi tumefika, nikusaidie kuifunga."

Shemeji aligeuka. Alimtazama shemeji yake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Utatupelekaje?" alisema. "Gari lako linaumwa."

Akahamisha gunia kwenye bega la pili, wakaondoka kwa miguu, yeye na Fundi.