Msumari Kwenye Yungiyungi

Msumari ulikuwa wa chuma, mnene kama kidole changu cha mwisho, na ulipigiliwa katikati ya ua la yungiyungi lililochongwa kwenye mkono wa kiti.

Baba ndiye aliyeuona kwanza. Tulikuwa tumeitwa nyumbani kwa liwali wa Suzhou, asubuhi ya siku mama yake alipotimiza miaka themanini, tukipake nta kiti alichokichonga Baba kwa miaka miwili. Mbao zake huzama majini kama jiwe. Mimi mwenyewe nilizisugua kwa nyasi kavu mpaka vidole vikatoka damu. Na hakikuwa na msumari hata mmoja: kila ulimi wa mbao uliingia tundu lake, ukashika.

"Mkono ulichezacheza wapagazi walipokishusha," alisema Kuang, msimamizi wa nyumba. "Nikaukaza. Ziba hapo kwa nta, mzee, wageni wanakuja."

"Ungeniita, bwana. Mbao hupumua. Baridi ikiingia, itapasuka hapo."

"Hupumua! Basi iletee na uji."

Watumishi wakacheka. Na Baba, fundi Pu Wenhai, ambaye mafundi wote wa mtaa wetu humwamkia, akainama kuchukua nta. Hapo nikachemka. Kiti kikipasuka, nani atamtaja Kuang? Watasema Pu siku hizi anapigilia misumari.

"Usizibe, Baba."

"Susu, nyamaza mwanangu."

"Sinyamazi!"

Pazia likasogea. Bibi Mkubwa mwenyewe, mama wa liwali, akatoka na mkongojo wake. "Nani anapiga kelele?"

Nilipiga magoti, nikamweleza yote.

"Hana adabu huyu, Bibi Mkubwa," alisema Kuang.

"Adabu labda sina. Lakini msumari si wetu."

Bibi Mkubwa alipitisha kidole juu ya ua. Kikakwama. "Ung'oeni."

Baba aliung'oa taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba mguuni. Akagonga mkono wa kiti mara mbili kwa nyundo ya mbao, ukatulia tuli. Lakini tundu lilibaki, na ufa mwembamba pembeni yake. Akainua nta.

"Acha," alisema Bibi Mkubwa. "Kuang, leo utasimama kando ya kiti changu. Mgeni akiuliza, mweleze."

Mgeni wa kwanza hakungoja hata chai. "Kazi nzuri hii! Na hili tundu je?"

Kuang akakohoa. Nilimkazia macho.

"Ni... mimi, bwana."

Baba hakuombwa radhi, hata kwa jicho. Basi nikasimama mlangoni, nikimsubiri mgeni wa pili naye aulize.